UANGAVU, UFUNIKAJI NA UWAZI: HISTORIA YA DHANA TATU KATIKA PICHA ZA KOMPYUTA

1. Utangulizi

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua wafasiri wa programu za kompyuta, iko moja ambayo kwa mtazamo wa haraka haina utata wowote. Nayo ni ile inayotaja hali ya sehemu ya picha kukiacha kilicho nyuma yake kionekane. Mfasiri mwenye haraka huandika "uwazi" akaendelea na ukurasa unaofuata. Neno lenyewe ni zuri, ni la kale, na kila mtu analijua. Lakini nyuma yake zimejificha dhana tatu, kila moja imezaliwa wakati wake na kwa sababu yake, na kuziita zote kwa jina moja si upungufu wa lugha tu, bali ni chanzo cha kazi kuharibika.

Tuchukue mfano ulio karibu na ofisi zetu. Mchoraji anachora nembo ya idara kwa programu ya vekta. Nembo hiyo ina maandishi, ina umbo la ngao, na chini yake ina kivuli chepesi. Kisha inatakiwa iwekwe juu ya picha, katika programu ya kuhariri picha, ili litengenezwe jalada la kitabu. Inapofika huko, nembo huweza kupatwa na mojawapo ya mambo matatu. Huenda ikawa imebeba kisanduku cheupe ambacho mchoraji hakukichora. Huenda kisanduku hakipo, lakini umbo limezungukwa na pindo jembamba la kijivu. Au huenda umbo ni safi, lakini kivuli kilichokuwa chepesi kimekuwa kizito. Katika hali zote tatu mtumiaji atasema kwamba "uwazi umepotea", na fundi atakayemsikia hatajua aanzie wapi, kwa kuwa kasoro hizo zina sababu tatu mbalimbali.

Katika makala haya tutaifuata historia ya jambo hili tangu kwenye sinema hadi kwenye mafaili tunayoyatumia leo, ili tuone kila dhana ilitoka wapi. Baada ya hapo tutapendekeza istilahi zinazofaa, pamoja na sababu zake.

2. Picha ya mistari na picha ya vitone

Yafaa kwanza tutofautishe aina mbili za picha. Mwaka wa 1963, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya nuru moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta. Mchoro wake ulihifadhiwa kama maelezo: mstari uanzie hapa, uishie pale, duara hili liguse mstari ule. Michoro ya namna hii ndiyo tunayoiita michoro ya vekta. Kwa kuwa ni maelezo, huweza kukuzwa au kupunguzwa kiasi chochote bila kuharibika.

Aina ya pili ni picha ya vitone, yaani picha iliyogawanywa katika visanduku vidogo vilivyopangwa kwa safu, na kila kisanduku, ambacho huitwa pikseli, kikapewa tarakimu za rangi yake. Picha iliyopigwa kwa kamera ni ya aina hii, na programu za kuhariri picha zilibuniwa ili kuzishughulikia picha hizo.

Tofauti inayotuhusu sisi ni hii. Katika mchoro wa vekta, mahali pasipochorwa kitu hapana kitu. Si peupe, si peusi. Hapana maelezo yoyote. Weupe anaouona mchoraji nyuma ya nembo yake ni karatasi ya kioo tu, ambayo programu humwekea ili apate mahali pa kutazama. Lakini katika picha ya vitone hakuna kisanduku kinachoweza kuachwa bila kuandikwa. Kila pikseli lazima iwe na tarakimu. Basi mchoro unapotoka katika aina ya kwanza kwenda katika ya pili, swali huzuka: mahali pasipo na kitu paandikwe nini? Faili lisilo na namna ya kuandika "hapana kitu" huandika nyeupe, na hicho ndicho kisanduku cheupe cha nembo yetu. Hapa tumepata dhana ya kwanza, ambayo ni kutokuwapo kwa kitu.

3. Vizibo vya sinema

Watu wa sinema walikutana na swali hili zamani, kabla kompyuta hazijakuwapo. Mwaka wa 1898 Mfaransa Georges Méliès alitengeneza filamu fupi ambamo mtu anaonekana akikiondoa kichwa chake na kukiweka mezani. Alizuia nuru isifike katika sehemu fulani ya utepe wa filamu, akapiga picha, akaurudisha utepe nyuma, kisha akapiga tena katika ile sehemu iliyobaki bila kuguswa na nuru. Mwaka wa 1918 Mmarekani Frank Williams alipata hataza ya njia ya kutengeneza kizibo kinachotembea, yaani kizibo kinachobadilika pamoja na mwendo wa mchezaji katika kila picha ya filamu.

Somo la vizibo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ili kumwondoa mchezaji mahali alipopigwa picha na kumweka mahali pengine, zilihitajika tepe mbili: moja yenye sura yake na rangi zake, na nyingine isiyo na sura wala rangi, yenye umbo lake tu. Utepe wa pili ulisema wapi nuru ipite na wapi izuiwe. Kwa hiyo watu wa sinema walijua kwamba rangi ya kitu ni habari moja, na mahali kinapofunika ni habari nyingine, na kwamba habari hizo mbili zikichanganywa mapema mno haziwezi kutenganishwa tena.

4. Kuzaliwa kwa alfa

Miaka ya 1970 maarifa hayo yaliingia katika kompyuta. Katika maabara ya michoro ya kompyuta ya Taasisi ya Teknolojia ya New York, Edwin Catmull na Alvy Ray Smith walikuwa na vyombo vya kuhifadhi picha ambavyo kila pikseli yake iliandikwa kwa tarakimu tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kila tarakimu ilikuwa na biti 8, nazo zatosha kueleza viwango 256, kuanzia 0 hadi 255. Mwaka wa 1977 wawili hao walibuni jambo ambalo leo laonekana jepesi: waliongeza tarakimu ya nne, ya kueleza ni kwa kiasi gani pikseli hiyo inafunika kilicho nyuma yake. Smith aliita tarakimu hiyo alfa, kwa kufuata herufi ya Kigiriki iliyotumika katika kanuni ya kuchanganya picha mbili.

Kanuni yenyewe ni fupi, na mwalimu wa hisabati anaweza kuifundisha darasani. Alfa huhesabiwa kati ya 0 na 1. Rangi inayoonekana ni alfa mara rangi ya juu, ukijumlisha na moja kutoa alfa mara rangi ya nyuma. Alfa ikiwa 1, rangi ya juu huonekana peke yake. Ikiwa 0, huonekana ya nyuma peke yake. Ikiwa nusu, zote mbili hugawana sawa.

Jambo kubwa halikuwa kanuni hiyo, ambayo ilijulikana tangu zamani. Jambo kubwa lilikuwa kwamba umbo sasa lilisafiri pamoja na picha, ndani ya picha ileile. Utepe wa pili wa sinema uliingia katika kila pikseli.

Mwaka wa 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa kampuni ya Lucasfilm walichapisha makala yaliyopanga elimu hii yote kwa utaratibu. Walieleza namna kumi na mbili za kukutanisha picha mbili zenye alfa, inayotumika zaidi ikiwa ile ya kuweka picha moja juu ya nyingine. Walipendekeza pia kwamba rangi ihifadhiwe ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa yake, ili kupunguza hesabu. Pendekezo hilo tutalirudia, kwani lina athari hadi leo. Mwaka wa 1996 Catmull, Smith, Porter na Duff walitunukiwa na taasisi ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar, kwa uvumbuzi wao katika kuunganisha picha kwa tarakimu.

5. Chandarua na kioo

Kabla hatujaendelea, tuichunguze tarakimu hii ya alfa inasema nini hasa. Mtu aliyelala ndani ya chandarua huuona ukuta wa chumba chake. Huuona si kwa sababu uzi wa chandarua ni angavu, bali kwa sababu kati ya uzi na uzi pana nafasi. Mtu anayetazama kupitia kioo chenye rangi naye huuona ukuta, lakini kwa sababu nyingine: kioo kimeziba mahali pote, ila chenyewe hupitisha nuru.

Porter na Duff waliyachukulia mambo haya mawili kuwa sawa katika hesabu. Pikseli yenye alfa ya nusu huweza kuwa imefunikwa nusu yake tu na kitu kisichopitisha nuru, kama chandarua. Au imefunikwa yote na kitu kinachopitisha nusu ya nuru, kama kioo. Kwa macho ya mtazamaji aliye mbali matokeo ni yaleyale.

Nembo yetu inayo yote mawili. Ukingo wa ngao hupita katikati ya pikseli, ukifunika nusu ya pikseli hii na robo ya ile. Hiyo ndiyo chandarua, na ndiyo inayofanya ukingo uonekane laini badala ya kuwa na meno kama ya msumeno. Kivuli kilicho chini ya ngao ni kioo. Alfa ikipotea njiani, kivuli na ulaini wa ukingo hupotea pamoja.

Mfano mmoja wa hesabu utatosha. Pikseli ya ukingo ni nyeusi, nayo imefunikwa nusu. Ikiunganishwa na karatasi nyeupe, itapata nusu ya 255, yaani takribani 128, ambayo ni rangi ya kijivu. Sasa mtu akaja akafuta weupe wote na kuiweka nembo juu ya jalada la buluu iliyokoza. Weupe umekwenda, lakini ile pikseli ya ukingo si nyeupe, hivyo imebaki na kijivu chake. Ndilo pindo tulilolitaja mwanzoni. Lau alfa ingalihifadhiwa, pikseli hiyo ingalichanganyika na buluu yenyewe, na jicho lisingaliona kasoro yoyote. Pindo la kijivu, basi, ni masalio ya karatasi ambayo haipo tena.

6. Njia mbili zilizoachana

Mtu angedhani kwamba michoro ya vekta, ambayo ndiyo iliyojua tangu mwanzo kuacha mahali bila kitu, ndiyo ingekuwa ya kwanza kupokea maarifa haya. Haikuwa hivyo. Mwaka uleule wa 1984 kampuni ya Adobe, iliyoanzishwa mwaka wa 1982 na John Warnock na Charles Geschke, ilitoa PostScript, ambayo ni lugha ya kuielezea mashine ya uchapaji jinsi ukurasa utakavyokuwa. Lugha hiyo ilifuata sheria moja: kila alama iwekwayo huziba kabisa ile iliyotangulia mahali hapo. Kwa uchapaji sheria hiyo ilikuwa nyepesi na ya haraka. Programu ya Illustrator ilipotokea mwaka wa 1987 iliifuata, na mchoraji aliyetaka kivuli chepesi alilazimika kukisia mwenyewe rangi ya mchanganyiko na kuipaka.

Upande wa picha za vitone mambo yalikwenda tofauti. Programu ya Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilitolewa mwaka wa 1990, na toleo lake la tatu la mwaka wa 1994 lilileta matabaka, yaani picha zilizopangwa moja juu ya nyingine kama karatasi za shashi, kila moja na alfa yake. Ndipo wengi walipozoea kuiona miraba ya kijivu na nyeupe, mfano wa ubao wa drafti, inayoonyesha mahali pasipo na kitu. Miraba hiyo si sehemu ya picha na haichapwi. Ni alama tu ya kumwambia mtazamaji kwamba hapo hapana hata weupe.

Illustrator ilisubiri hadi mwaka wa 2000, toleo lake la tisa liliporuhusu maumbo yenye uangavu wa kweli. Mwaka wa 2001 muundo wa PDF 1.4 uliupokea uangavu huo, na mwaka huohuo SVG, ambayo ni muundo wa michoro ya vekta kwa ajili ya mtandao, ilipitishwa kuwa kiwango rasmi ikiwa nao. Lakini mafaili ya EPS, yaliyojengwa juu ya PostScript, hayakuupata. Mchoro wenye kivuli ukipelekwa katika EPS, programu hulazimika kuyaunganisha matabaka: huyakata maumbo palipopishana, ikakipa kila kipande rangi yake ya mchanganyiko, na palipo pagumu ikapageuza kuwa vitone. Sura huonekana ileile, lakini uangavu wenyewe haumo tena.

7. Kutoka ndiyo na siyo hadi viwango 256

Historia ya mafaili ya picha za vitone nayo ina funzo. Muundo wa GIF ulitolewa na kampuni ya CompuServe mwaka wa 1987, na mwaka wa 1989 uliongezewa uwezo wa kuteua rangi moja kati ya zile zisizozidi 256 za picha, ikahesabiwa kuwa si rangi bali ni mahali pasipo na kitu. Hili lilikuwa jibu la ndiyo au siyo: pikseli ama ipo yote, ama haipo. Pikseli iliyofunikwa nusu haikuwa na mahali pa kusimama, na mapindo yakajaa katika kurasa za mtandao. Muundo wa JPEG, ambao kiwango chake kilichapishwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya picha za kamera, haukuwekewa alfa kabisa.

Mwishoni mwa mwaka wa 1994 kulitangazwa kwamba watengenezaji wa programu za GIF wangetakiwa kulipia hataza ya njia ya kubana habari iliyotumika ndani yake. Mapema mwaka wa 1995 kundi la wataalamu wa kujitolea, lililochochewa na Thomas Boutell, lilianza kubuni muundo usiodaiwa ada. Matokeo yake ni PNG, iliyopitishwa na shirika la viwango vya mtandao mnamo Oktoba 1996. Wabunifu wake hawakuishia kwenye kuikwepa hataza tu. Waliipa alfa kamili ya biti 8 au 16 kwa kila pikseli. Kuanzia hapo chandarua na kioo viliweza kusafiri ndani ya faili moja lililo wazi kwa wote.

Hata hivyo, kuandikwa kwa habari ni jambo moja na kusomwa ni jingine. Programu ya Internet Explorer 6, iliyotolewa mwaka wa 2001 na kutumiwa sana duniani, haikuisoma alfa ya PNG ipasavyo. Mahali pasipo na kitu palitokea pa kijivu. Kasoro hiyo iliondolewa katika toleo la saba la mwaka wa 2006. Kadhalika, wabunifu wa PNG waliamua rangi ihifadhiwe bila kuzidishwa kwa alfa, tofauti na pendekezo la Porter na Duff. Programu inayopokea rangi iliyokwisha kuzidishwa ikaizidisha tena hutoa kingo zenye weusi. Na ile inayopokea rangi isiyozidishwa ikaidhani imezidishwa hutoa kingo zinazong'aa isivyostahili. Fundi anayeulizwa kuhusu pindo hana budi kujua kwanza ni pindo la namna gani.

8. Njia za kuhamisha

Kutokana na historia hii, mchoro wa vekta huweza kuhamishwa kwa njia tatu bila kupoteza uangavu wake. Ya kwanza ni kuugeuza kuwa PNG. Hapa mchoraji ahakikishe kwamba mandharinyuma imechaguliwa kuwa tupu wala si nyeupe, kwamba hakuna mstatili mweupe aliousahau chini ya mchoro, na kwamba idadi ya vitone yatosha kwa ukubwa utakaohitajika, kwa kuwa vitone havikuzwi bila kuharibika. Ya pili ni kuhamisha katika muundo wa matabaka unaofahamika na programu ya kuhariri, kama PSD, ili ngao, maandishi na kivuli vifike vikiwa mbalimbali, kila kimoja na alfa yake. Ya tatu ni kuupeleka mchoro ukiwa bado ni vekta, kwa SVG au PDF, na kuiachia programu inayopokea kazi ya kuugeuza kuwa vitone.

Njia ya kwanza ina mpaka mmoja. Programu za vekta huwa na namna za kuchanganya rangi zinazotegemea kilicho nyuma, kama ile ya kuzidisha rangi ya juu kwa ya chini. PNG huhifadhi alfa tu, haihifadhi maagizo hayo. Kivuli kilichowekwa kwa kuzidisha kikihamishwa juu ya mandharinyuma tupu hakina cha kuzidishwa nacho, kwa hiyo hufika kama rangi ya kawaida, nacho huonekana kizito au chenye utando. Dawa yake ni kukihamisha kivuli peke yake na kulirudia agizo katika programu ya kuhariri.

Jambo la kuangaliwa pia ni makundi. Maumbo mawili yanayopishana, kila moja likifunika asilimia 50, hufunika asilimia 75 pale yanapokutana, si 100, kwa kuwa la juu huacha nusu na la chini huizuia nusu ya nusu hiyo. Lakini yakifungwa katika kundi moja, na kundi zima likapewa asilimia 50, mahali pa kukutana hapatakuwa pazito kuliko pengine. Tofauti hiyo ikipuuzwa, kivuli hubadilika hata kama alfa haikupotea.

9. Suala la istilahi

Sasa tunaweza kuliangalia neno tulilolianza nalo. Tangu mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kutafsiri vitufe na orodha za programu kumekuwa kazi ya kweli ya wafasiri wetu, wala si zoezi la nadharia. Katika kazi hiyo mfasiri hukutana na vipimo viwili vinavyokwenda kinyume. Inkscape na programu za Adobe hupima jinsi umbo linavyofunika: asilimia 100 ni kuziba kabisa. LibreOffice hupima jinsi umbo linavyopitisha nuru: asilimia 100 ni kutoonekana kabisa. Umbo la 30 katika kipimo cha kwanza ni umbo la 70 katika cha pili. Vipimo vyote viwili vikiitwa "uwazi", mwanafunzi aliyejifunza programu moja atakosea katika nyingine, naye atakuwa amefuata maelekezo yetu neno kwa neno. Hii ndiyo sababu ya tatu, ya kivuli kilichofika kizito.

Neno *uwazi* limetokana na *wazi*: mlango u wazi, mahali pawazi, uwanja wa wazi. Hutaja kutokuwapo kwa kizuizi. Katika siasa nalo limetumika kwa maana hiyohiyo, kama ilivyokuwa katika kaulimbiu ya Ukweli na Uwazi ya serikali ya Rais Benjamin Mkapa kati ya mwaka wa 1995 na 2005. Basi neno hili lafaa sana kwa dhana ya kwanza, yaani mahali pa picha pasipo na kitu. Halifai kwa kioo, kwa sababu kioo kipo.

Kwa kitu kilichopo kinachopitisha nuru, Kiswahili kina *angavu*: maji maangavu, kioo angavu. Twapendekeza *uangavu*. Iko hoja kwamba neno hili hutaja pia kung'aa, na kwamba programu za picha zina kipimo cha kung'aa. Hoja hiyo ina uzito, lakini kung'aa kuna maneno yake, *mng'ao* na *mwangaza*, nayo yakitumiwa kwa uthabiti hayataleta mgongano.

Dhana ya tatu ndiyo iliyokosa jina. Wako wanaoitaja kwa ukanushi, kama "kutopitisha nuru". Ukanushi ukiambatanishwa na kipimo huchosha akili: "kutopitisha nuru asilimia 30" humlazimu msomaji ageuze mara mbili ndipo aelewe. Fundi rangi wa nyumba haneni hivyo. Husema rangi hii inafunika vizuri, au rangi hii haifunikii, inahitaji mkono wa pili. Twapendekeza *ufunikaji*. Neno hili lina faida ya kuafikiana na maana ya alfa kama Porter na Duff walivyoieleza, yaani kiasi cha pikseli kilichofunikwa.

10. Istilahi zinazopendekezwa

Uwazi: sehemu ya picha au mchoro pasipo na kitu chochote, hata rangi nyeupe.

Uangavu: kiasi ambacho kitu kilichopo huacha cha nyuma kionekane, asilimia 100 ni kutoonekana.

Ufunikaji: kinyume cha uangavu, asilimia 100 ni kuziba kabisa.

Alfa: tarakimu ya pikseli inayoeleza ufunikaji wake.

Tabaka: picha moja kati ya zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Kuunganisha matabaka: kuyafanya matabaka kuwa picha moja, ambapo uangavu baina yao huwa haurejeki.

Kugeuza vitone: kuufanya mchoro wa vekta kuwa picha ya pikseli.

Kuhamisha: kutoa nakala ya kazi kwa muundo utakaosomwa na programu nyingine. Hii si sawa na *kuhifadhi*, ambako ni kuiweka kazi yenyewe.

Pindo: pikseli za ukingo zilizobaki na rangi ya mandharinyuma ya zamani, au zilizozidishwa kwa alfa isivyo sahihi.

11. Hitimisho

Historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba dhana hizi hazikugawanywa na wataalamu wa lugha kwa kupenda utata. Sinema ilitenganisha umbo na rangi. Maabara ya New York ililitia umbo ndani ya pikseli. GIF ilijua uwazi tu bila uangavu. PNG ilivihifadhi vyote viwili. Kila hatua ilifikiwa kwa sababu ile ya kabla yake ilikuwa imechanganya mambo ambayo yangepaswa kutengwa.

Kwa hiyo twawaomba wafasiri, kabla hawajaandika neno, waijaribu programu yenyewe: waweke 100, watazame kama umbo limeonekana au limetoweka, ndipo wachague kati ya *ufunikaji* na *uangavu*. Walimu waanze na chandarua na kioo kabla ya kuingia katika vitufe. Na watumishi wa ofisi wanaopeleka nembo kwa mpiga chapa wasitosheke kuandika kwamba uwazi udumishwe, bali waeleze: mandharinyuma iwe wazi, kingo zisiwe na pindo, na kivuli kiwe na ufunikaji wa asilimia fulani. Barua yenye maneno hayo matatu yaweza kuokoa jalada zima lisichapwe upya.